Riwaya au tawasifu? Vitabu sita vya mtumba kwa msomaji mwenye hela ya kimoja

Kandokando ya Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, vitabu vya mtumba hupangwa juu ya turubai kama samaki wa feri: vinavyong'aa juu, vilivyochoka chini yake. Nairobi wameviita vya kuinama, kwa sababu mgongo wako ndio unaoanza kulipa. Kote kuwili tatizo ni lile lile. Mkono wa kulia umeshika riwaya, wa kushoto umeshika mtu anayesimulia maisha yake mwenyewe, na mfukoni mna hela ya kimoja. Muuzaji ameshakuona unavyosita. "Dada, chukua vyote viwili, nakufanyia bei." Bei yenyewe bado inagusa nauli ya kesho.

Nimechukua vitabu sita ambavyo nimekutana navyo kwenye turubai hizo kwa nyakati tofauti, riwaya tatu na tawasifu tatu, vyote kwa Kiswahili. Sitakuambia kipi ni bora kuliko vingine. Vimeandikwa na watu sita wasiofanana kwa namna yoyote, na msomaji wa daladala si msomaji wa usiku wa manane.

Vipimo nilivyotumia

Cha kwanza ni nakala. Ukinunua kitabu kipya unanunua kitabu. Ukinunua cha mtumba unanunua nakala. Kifungue katikati uone kama mgongo bado unashika. Nenda mwisho, maana kurasa za mwisho ndizo hung'oka mapema. Kinuse: chenye harufu ya kuvu kiache hapo hapo, kitakuambukizia rafu nzima nyumbani. Vitabu vyembamba vya zamani vilibanwa kwa pini, na pini ikiota kutu hula karatasi kuizunguka. Mhuri wa shule usikutishe sana, lakini mhuri wa maktaba usio na alama ya kuondolewa ni jambo la kuuliza kabla ya kulipa. Halafu kuna ule "mtumba" mpya kuliko upya: jalada limepauka, maandishi yamefifia upande mmoja, karatasi nyeupe pee. Hiyo ni durufu ya wizi. Utasema mwandishi hapati senti hata kwenye mtumba halisi. Kweli, ila nakala ile ilishauzwa kihalali mara moja.

Cha pili ni lugha: Kiswahili chake ni cha wapi, cha lini, na kitakudai kamusi mara ngapi. Cha tatu ni mwendo, yaani kama kinasukuma au kinataka usukume wewe. Cha nne ndicho ninachokipenda kuliko vyote: kinaficha nini. Riwaya humficha mwandishi nyuma ya wahusika wake. Tawasifu humtoa mwandishi barazani, kisha huwafungia chumbani watu wengine wengi. Kujua nani kafungiwa ni nusu ya raha ya kusoma. Mwisho, kinamfaa nani.

Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla

*Nakala.* Kilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957/58, kikachapishwa 1960, na kimerudiwa kuchapishwa tangu hapo. Ni kitabu cha upelelezi, chembamba, chepesi, na ndiyo maana huchakaa haraka. Hapa nina kidonda changu. Niliwahi kununua nakala nzuri ya kitabu cha upelelezi (muuzaji simtaji, tunasalimiana hadi leo) nikaisoma kwa pupa hadi pale mpelelezi anapowakusanya watu sebuleni ili afumbue fumbo. Ukurasa uliofuata ulikuwa jalada la nyuma. Kwa riwaya ya aina nyingine ningeweza kujifariji. Kwa upelelezi, ukikosa karatasi nne za mwisho umenunua mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe hayumo.

*Lugha.* Kiswahili cha Unguja mjini, cha watu wanaojua kutaniana kwa adabu. Abdulla alikuwa mwandishi wa habari, mhariri wa jarida la Mkulima, na sentensi zake zina masikio: unawasikia wazee wakikatizana maneno. Msomaji wa bara atakutana na maneno machache mageni, lakini mazungumzo yenyewe humsaidia.

*Mwendo.* Tajiri anakutwa amekufa kwenye mzimu. Wengi wako tayari kuamini kuwa mizimu imefanya kazi yake. Mpelelezi Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hayuko tayari. Anauliza maswali yanayoonekana ya kipuuzi. Utamaliza kwa siku mbili.

*Kinachoficha.* Kiliandikwa katika miaka ambayo siasa za Unguja zilikuwa zikichemka, na ndani ya kitabu siasa husikii sana. Mtaa umetulia, mauaji ni ya nyumbani. Ukikisoma ukijua Mapinduzi ya 1964 yalikuwa njiani, utulivu ule unakuwa wa ajabu kidogo.

*Kinamfaa nani.* Mtu wa daladala, mtu aliyeacha kusoma miaka mingi na anataka kurudi, na mzazi anayetafuta kitabu cha kusomeana na kijana wake.

Rosa Mistika, cha Euphrase Kezilahabi

*Nakala.* Kilitoka 1971. Kwa kipindi kilipigwa marufuku shuleni Tanzania, baadaye kikaruhusiwa, na kwa sababu hiyo nakala zake ni za aina mbili: zile zilizofichwa chini ya magodoro na zile zilizochorwachorwa na wanafunzi. Zote mbili zimeteseka. Usidharau ya pili. Michoro pembeni ina burudani yake. Nimeona moja ambapo mtu ameandika "mgogoro wa nafsi" kila ukurasa wa tatu kwa utiifu mkubwa, kisha kuelekea mwisho kalamu imebadilika na kuandika tu "jamani".

*Lugha.* Rahisi, fupi, bila mapambo. Kezilahabi alikuwa mtu wa Ukerewe, na Kiswahili chake ni cha mtu aliyejifunza kukitumia kama kisu. Hutahitaji kamusi.

*Mwendo.* Kinakwenda kasi na hakikuonei huruma. Zakaria, baba mlevi, anamlinda binti yake kwa kipigo, binti anafika shule ya bweni bila kujua lolote kuhusu wanaume, yanayofuata sitayasema. Wengi hukimaliza kwa usiku mmoja, na wengi hukasirika.

*Kinachoficha.* Mwandishi alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwanamume, aliyepitia seminari, akiandika aibu ya msichana kutoka ndani. Je, ni sauti ya Rosa tunayoisikia, au ni ya kijana anayemtazama? Nimebadilisha jibu mara mbili. Nilipokuwa na miaka kumi na minane nilimlaumu Rosa. Nilipokuwa mama nikamtaka Zakaria shingoni. Kitabu hakikubadilika hata nukta.

*Kinamfaa nani.* Anayetaka kitabu cha kubishania na wenzake. Hakimfai anayetafuta faraja, wala mtu aliyefiwa karibuni.

Vuta N'kuvute, cha Adam Shafi

*Nakala.* Hiki ndicho rahisi kukipata kuliko vyote sita. Kilitoka 1999 na kimesomwa kwa miaka mingi katika kidato cha tano na sita Tanzania, kwa hiyo kila mwaka wanafunzi wanaomaliza mtihani huviuza kwa marundo. Angalia mambo mawili: kurasa zilizonyofolewa kwa ajili ya "kazi ya kikundi", na durufu, kwa sababu kitabu kinachohitajika shuleni ndicho wezi hukimbilia. Ukisubiri baada ya mitihani, bei hushuka.

*Lugha.* Kiswahili cha Unguja tena, ila kipana kuliko cha Bwana Msa: cha bandarini, cha baa, cha taarabu, cha mahabusu. Adam Shafi anapenda kukuonyesha chakula na nguo, na huwa haharakishi.

*Mwendo.* Kinene, na robo ya kwanza inataka subira. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee mwenye duka, anatoka kwenye ndoa hiyo na kuangukia kwa Mwajuma, jirani mwenye moyo mkubwa. Huko anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na sasa anatafutwa na polisi wa Mwingereza. Baada ya hapo mapenzi na siasa vinavutana kama jina lilivyoahidi. Amil Shivji alikitengenezea filamu mwaka 2021. Kama umeiona, kitabu bado kina mengi ambayo filamu haikuwa na muda nayo.

*Kinachoficha.* Jela katika riwaya hii imeandikwa na mtu anayeijua. Adam Shafi alifungwa baada ya kuuawa kwa Rais Karume wa Zanzibar mwaka 1972, na jambo hilo alikuja kuliandikia riwaya yake peke yake, Haini, ya 2003. Hapa amelificha ndani ya jela ya kikoloni, miaka ya 1950, mahali ambapo adui anajulikana na kila msomaji yuko upande mmoja.

*Kinamfaa nani.* Mwenye likizo. Mpenzi wa hadithi ndefu zenye watu wengi. Aliye ughaibuni na anataka kusikia tena harufu ya mtaa.

Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, cha Shaaban Robert

*Nakala.* Ni vitabu viwili ndani ya jalada moja, sehemu mbili za maisha zilizoandikwa kwa nyakati tofauti, kwa hiyo hakikisha zote mbili zimo. Matoleo ya Nelson ya miaka ya 1960 bado huonekana, karatasi zimekuwa rangi ya chai. Ya Mkuki na Nyota yako katika hali bora. Ukipata la zamani lililo kamili, hilo ni la kuweka.

*Lugha.* Hapa ndipo penye kazi na penye raha. Shaaban Robert, aliyezaliwa 1909 upande wa Tanga na kufariki 1962, aliandika nathari inayotembea kama shairi: mizani, methali, sentensi inayogeuka mwishoni na kukutazama. Wengine huona ni utamu, wengine huona ni mahubiri. Ndani yake zimo tenzi alizowaandikia watoto wake: Utenzi wa Hati kwa binti, Utenzi wa Adili kwa mwana. Zisome kwa sauti. Kwa macho tu zitakuchosha, kwa mdomo zinaimba zenyewe.

*Mwendo.* Polepole. Ni maisha ya karani: forodha ya Pangani, baadaye Mpwapwa, kisha Tanga. Hakuna vita wala fumbo. Kuna uhamisho, safari za kuchosha, mshahara, heshima iliyopunjwa kwa sababu ya rangi, na kifo cha mke wake Amina, ambacho kinakigawa kitabu kama mto.

*Kinachoficha.* Utoto wake hauna nafasi kubwa, na hasira yake pia. Mtu huyu alitumikia ofisi za kikoloni miaka nenda miaka rudi huku akiwa mshairi mkubwa kuliko wote katika lugha yake, na sauti yake haipandi. Kama unataka hasira, iko katika riwaya yake Kusadikika, imevalishwa nguo za hekaya. Kuvisoma viwili hivi pamoja ndiyo njia bora niijuayo ya kuelewa riwaya inafanya nini ambacho tawasifu inaogopa kufanya.

*Kinamfaa nani.* Anayeandika au anayetaka kuandika. Anayesoma kurasa tano asubuhi kabla ya kazi. Mjane au mgane: huyu mzee atamsindikiza vizuri.

Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip

*Nakala.* Adimu, na ukiiona utaweza kuipita kwa kudhani ni kitabu cha shule, kwani toleo la W. H. Whiteley la East African Literature Bureau ni jembamba, lina aya zenye namba, Kiswahili na Kiingereza vikikabiliana. Ukikuta, usibishane sana kuhusu bei. Niseme pia kwamba kwa kitabu hiki, nakala yenye kurasa mbili tatu zilizolegea bado inafaa. Namba za aya zitakuonyesha kama kuna kilichopungua.

*Lugha.* Kiswahili cha Unguja cha karne ya 19, kilichoandikwa kwa maneno ya mwenyewe kabla ya kifo chake 1905. Kina Kiarabu kingi, na majina ya watu, makabila na mito mfululizo. Tafsiri ya upande wa pili ni msaada, hakuna aibu kuichungulia.

*Mwendo.* Ni mfanyabiashara anayekusomea daftari lake: tulitoka hapa, tukafika pale, pembe kiasi hiki, bunduki kiasi hiki, tukapigana, tukapita. Kisha ghafla linatokea jambo ambalo mtunzi wa riwaya angelionea wivu. Anafika katika nchi ya mtemi Kasongo Rushie, ndani ya eneo ambalo leo ni Kongo, naye amesikia kwamba zamani dada wa mtemi alichukuliwa mateka. Basi anajitambulisha kuwa mjukuu wa dada yule. Anapokelewa, anapewa nchi. Na anatusimulia sisi uongo huo bila kupepesa macho, tena kwa furaha! Tangu niisome sehemu ile siamini tena kwamba tawasifu ni kweli na riwaya ni uongo. Baadaye anasafiri na mvumbuzi wa Kizungu, Stanley, kutoka Nyangwe mwaka 1876, na 1887 anakuwa liwali wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji huko Stanley Falls, Kisangani ya leo.

*Kinachoficha.* Karibu kila mtu. Pembe zilibebwa na mabega ya watu, na wengi wao hawakwenda kwa hiari. Katika daftari hili wao ni hesabu. Ukikisoma, tafuta na Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, cha 1934, kuhusu watu waliookolewa utumwani na jamii yao ya Freretown, Mombasa. Hapo wale waliokuwa hesabu wanapata majina.

*Kinamfaa nani.* Mpenzi wa historia mwenye subira, Mswahili wa Kongo anayetaka kujua lugha hii ilifikaje kwao na kwa gharama gani, na mtu asiyehitaji kumpenda msimulizi ili amsikilize.

Mau Mau Kizuizini, cha J. M. Kariuki

*Nakala.* Tafsiri iliyochapishwa Nairobi miaka ya 1960. Kwa Kiingereza kilitoka 1963. Hupatikana zaidi upande wa Kenya.

*Lugha.* Ni tafsiri, na utaihisi. Kiswahili kinyoofu, kisicho na madoido, na kwa habari hii unyoofu unasaidia.

*Mwendo.* Kuna kiapo cha Mau Mau, wapiganaji wa uhuru wa Kenya, kuna kukamatwa, kisha kambi baada ya kambi tangu 1953 hadi 1960: Manyani, kisiwa cha Saiyusi katika Ziwa Victoria, na nyingine nyingi. Kinachonishika si kipigo, ingawa kipo, bali wafungwa wanavyojiendeshea maisha, wakigawana kazi na habari, na barua za malalamiko zinazotoroshwa nje ya seng'enge ingawa kila mmoja anajua malipo yake.

*Kinachoficha.* Hakifichi, hakijui. Kariuki alikuja kuwa mbunge, akauawa Machi 1975 katika nchi huru aliyozuiliwa kwa ajili yake. Kila ukurasa wa matumaini humu umeandikwa na mtu asiyejua hilo, nawe unalijua.

*Kinamfaa nani.* Anayesoma siasa, na kijana anayedhani uhuru ulikuja kwa hotuba.

Vikiwekwa pamoja

Kwa lugha, Rosa Mistika na Mau Mau Kizuizini ndivyo vinavyofunguka upesi. Bwana Msa anafuata, kisha Vuta N'kuvute. Shaaban Robert anataka sikio, na Tippu Tip anataka kamusi na ramani. Kwa kurudiwa mambo yanageuka: fumbo la Bwana Msa ukishalijua limekwisha, ingawa mazungumzo hubaki matamu, ilhali Maisha Yangu nimekifungua hata sijui mara ngapi. Kwa usalama wa hela, Vuta N'kuvute kina faida moja, kwamba ukikuta nakala mbovu utapata nyingine wiki ijayo. Tippu Tip hakupi nafasi hiyo.

Kwa hali yako

Kama una safari ya siku moja, Dar hadi Mwanza kwa basi, beba Mzimu wa Watu wa Kale, baada ya kuhesabu kurasa. Kama mko kikundi cha kusoma na mnachoka kukubaliana, Rosa Mistika. Ukiwa likizo ya wiki mbili na simu umeamua kuizima, Vuta N'kuvute. Ukiwa na dakika kumi tu kwa siku lakini kila siku, Shaaban Robert. Kama umezoea kusoma riwaya tu na tawasifu zinakusinzisha, anza na Kariuki, kwa kuwa kina mvutano wa riwaya. Na kama ni kinyume chake, unasoma maisha ya watu wa kweli tu na hadithi za kubuni unaziona kupoteza muda, nenda kwa Adam Shafi, utakuta historia umeimeza bila kujua. Anayetoa zawadi kwa mzee wa miaka sabini asimpe maandishi madogo ya matoleo ya zamani. Amtafutie toleo jipya zaidi hata kama ni ghali kidogo.

Na ikitokea Shaaban Robert na Tippu Tip wamelala kwenye turubai moja siku ambayo mfuko umekauka, lipia Tippu Tip, maana hutamwona tena. Huyo mwingine mwombe muuzaji akuwekee chini ya meza hadi mwisho wa mwezi. Wengi huweka, ila uache jina lako, na upite Ijumaa kumkumbusha.